Reli Iliyokomea Kamanyola

Wabeleji walijenga reli kutoka bandari ya Kalundu, huko Uvira, ili mizigo ya meli za Tanganyika ipande mpaka Kivu. Mwaka 1931 ilifika Kamanyola, karibu kilometa 94, ikakomea chini ya milima. Ni kweli, ziwa letu liko juu ya lile kwa mita zipatazo 700. Lakini mwaka 1958, miaka miwili tu kabla ya uhuru, wakaifunga kabisa. Tukabaki na kamyo zinazohangaika Ngomo, na mama wa soko la Kadutu analipa taabu hiyo katika bei ya ndagala. Tunaidai Serikali: reli irudishwe, na safari hii ifike Bukavu.