Aibu ya Kiingereza si ugonjwa

Mama mmoja muuza mboga alinijia akilalamika kwamba moyo humwenda mbio na mdomo kukauka. Nilimpima presha nikaiona ni sawa. Kumbe hali hiyo humpata jioni za ngumbaru tu, mwalimu anapomtaka asome Kiingereza mbele ya wenzake. "Daktari, kichwa changu ni kizito," akasema.

Kichwa chake hakina kasoro. Mtu akiogopa kuchekwa, mwili humwaga adrenalini, na maneno aliyoyajua vizuri nyumbani humtoroka. Sisi tuliovishwa kibao shingoni shuleni kwa kusema lugha ya mama twaijua hofu hiyo. Mimi hadi leo hubabaika nikihutubia madaktari wenzangu.

Sikumpa vidonge. Nilimshauri asome kwa sauti nyumbani dakika 10 kila siku, kisha azungumze na jirani mmoja asiyemcheka. Mwalimu naye aache kumkatiza kwa kila kosa.

Nawe msomaji, usimwitikie daktari "yes" kwa maelezo ya dawa usiyoyaelewa. Kiswahili pia ni lugha rasmi tangu Katiba ya 2010. Muulize kwa Kiswahili.