AFYA YA NYUMBANI: Kuvuka ziwa bila kutapika, na bila kidonge



Vakanse imefika. Mabegi yametoka chini ya vitanda, na kila asubuhi kuna jamaa inayoteremka bandarini kwenda kusalimia nyanya wa watoto, Idjwi, Minova au Bukavu. Kwenye mkutano wetu wa Alhamisi wamama watatu waliniuliza swali moja: ni kidonge gani kizuri cha kuzuia kutapika ndani ya boti? Niliwajibu kwamba nitaandika juu ya dawa zote isipokuwa vidonge. Mmoja akacheka, akasema, “Basi mama, utatuandikia maombi.” Hapana. Ngoja kwanza niwaambie kwa nini kidonge cha bandarini sikipendi.

Miaka minane iliyopita nilipanda boti ya rapide kutoka Goma kwenda Bukavu pamoja na mtoto wangu wa pili, alikuwa bado hajatimiza miaka miwili. Mimi ni mtu wa kutapika tangu utoto. Pale mlangoni pa bandari kijana alikuwa na beseni: biskwiti, maji, shikleti, na vidonge vimefungwa kwenye vipande vya karatasi. Nilinunua viwili, nikameza kimoja. Kabla hatujaanza kuipita Idjwi nilikuwa nimelala. Niliamka boti ikipunguza mwendo, Bukavu iko mbele yetu, na magotini pangu hapakuwa na mtoto.

Alikuwa kwenye benchi ya tatu nyuma yangu, amefungwa ndani ya kikwembe cha mama nisiyemjua. Mama yule alimwona akiteleza kutoka mikononi mwangu na kutambaa chini ya mabenchi kuelekea kwenye moteri. Hakunikasirikia. Aliniambia tu, “Mama, nilikutikisa mara mbili, ulikuwa kama mtu aliyekufa.” Jile yangu nilikuwa nimeikalia kama mto. Kama ziwa lingechafuka siku ile, sijui nani angenivalisha.

Vidonge vingi vya safari vinafanya kazi hivyo: vinatuliza tumbo na vinaleta usingizi kwa wakati mmoja. Sisemi ni sumu. Daktari aliyekuuliza umri, mimba, na dawa nyingine unazotumia, anaweza kukuandikia, na umsikilize. Lakini kidonge cha kwenye beseni, kisicho na jina, kwa mama aliye peke yake na mtoto juu ya maji, mimi nasema afadhali kutapika. Na tafadhali, msimkatie mtoto mdogo nusu. Baadhi ya dawa hizo zinaweza kupunguza pumzi ya mtoto wa chini ya miaka 2 mpaka akawa katika hatari kubwa.

Sasa tuangalie ugonjwa wenyewe, ule unaoitwa kwa Kifaransa mal de mer, ingawa sisi bahari hatuna karibu. Wengi wanafikiri unatoka tumboni. Unatoka sikioni. Ndani kabisa ya sikio kuna vifereji vyenye maji, ndivyo vinavyoambia ubongo kama mwili umesimama, umeinama au unazunguka. Ukiwa umekaa ndani ya boti unaangalia mgongo wa mtu wa mbele yako, jicho linasema: tumetulia. Sikio linasema: tunapanda, tunashuka, tunayumba. Ubongo unapokea habari mbili zinazopingana, na tumbo ndilo linalolipa. Ndiyo maana watu ambao ile sehemu ya ndani ya sikio imekufa kabisa hawashikwi na ugonjwa huu, hata mawimbi yawe ya namna gani. Na ndiyo maana si aibu wala si udhaifu. Horatio Nelson, mkubwa wa manowari za Uingereza aliyekufa katika vita vya Trafalgar mwaka 1805, alitapika baharini maisha yake yote.

Ukishaelewa hivyo, unaona kwamba dawa ya kwanza ni mahali unapokaa. Boti ni kama ubao wa watoto wa kubembea: ncha zinaruka, katikati panatulia. Kwenye rapide, watu wanakimbilia mbele kwa sababu ya upepo, na mbele ndipo panapopiga maji kwa nguvu. Wewe tafuta katikati, au nyuma kidogo ya katikati, lakini usisogee mpaka kwenye moshi wa moteri, maana harufu ya esansi au mazutu inamaliza hata mtu mwenye tumbo la chuma. Kaa ukiangalia kule boti inakokwenda. Kwenye boti kubwa za ghorofa, zile za kusafiri usiku, juu panayumba kuliko chini. Ndugu zetu wa Ulaya wanaopanda meli kubwa za matembezi wanaambiwa neno lile lile: omba kabini ya katikati, ya chini. Kwa hiyo fika bandarini mapema. Anayefika mwisho anapewa ncha.

Ya pili ni macho. Angalia mbali, pale ziwa linapokutana na mbingu, au mlima usioondoka. Kivu imetupendelea kwa hilo, kwani nchi kavu haipotei kirahisi: kuna milima pande zote, na Idjwi inakusindikiza sehemu kubwa ya safari. Chagua kilele kimoja, ukae nacho. Hapo jicho nalo linaona kwamba tunayumba, linakubaliana na sikio, na ule ugomvi unapungua. Kitu kibaya kuliko vyote ni telefone. Nimeona vijana wanapanda wakicheka, wanaanza kuangalia video, na baada ya nusu saa wanaomba sashe. Kusoma vilevile, na kuinama kutafuta kitu ndani ya begi vilevile. Sashe, maji, kitambaa cha mtoto, viweke karibu na mkono kabla ya kuondoka.

Kama umekaa mahali pasipo na dirisha, funga macho kabisa na uegemeze kichwa kisichezecheze. Jicho lililofungwa halisemi uongo. Lakini hiyo ni ya mtu mzima aliye peke yake, au aliye na mwenzake wa kushika mtoto. Mnanielewa.

Tumbo sasa. Kuna wanaosafiri bila kula kitu tangu jana yake, eti ili wasiwe na cha kutapika. Tumbo tupu linachafuka haraka, na kutapika nyongo ni kuchungu zaidi. Kuna wengine wanapiga bugali na sambaza za kukaanga saa moja kabla ya boti. Nao hawafiki mbali. Kula kidogo, kikavu, kisicho na mafuta: mkate, biskwiti, ndizi moja, viazi vya kuchemsha. Kunywa maji kidogo kidogo. Pombe ya usiku wa kuamkia safari uiache, na waambieni wababa pia. Usingizi wa kutosha usiku ule unasaidia kuliko watu wanavyofikiri.

Tangawisi ina nafasi yake hapa, na si maneno ya wazee tu. Huko Denmark waliijaribu kwa wanafunzi 80 wa jeshi la majini wasiozoea bahari chafu, na matokeo yalichapishwa mwaka 1988: waliopewa unga wa tangawisi walitapika kidogo na kutoka jasho baridi kidogo kuliko waliopewa unga wa bure. Uchunguzi mwingine haukuona faida kubwa hivyo, kwa hiyo nisiwadanganye kwamba ni ajabu. Mimi nafanya hivi: kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, ninakiponda, ninakichemsha kwenye kikombe kimoja, ninakunywa kama saa moja kabla ya kupanda. Kipande kingine kidogo ninakitafuna njiani. Inachoma kinywa, lakini hailetei mtu usingizi. Anayetumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu amuulize daktari kwanza.

Kuna pia jambo la mkono. Pima vidole vitatu kutoka kwenye mkunjo wa kiganja kuelekea kwenye kiwiko, upande wa ndani. Kati ya ile mishipa miwili migumu, bonyeza kwa kidole gumba dakika chache, kisha mkono mwingine. Wachina wanaitumia tangu zamani. Wachunguzi hawapatani kama inasaidia kweli. Bei yake ni sifuri, na mtu anayebonyeza mkono hashiki telefone, hiyo peke yake ni faida.

Pumzi ninaiamini zaidi. Mate yakianza kujaa mdomoni na jasho baridi likitoka usoni, hapo kuna dakika chache tu. Geuza uso upande wa hewa safi, vuta pumzi polepole kwa pua, iache tumbo lijae, itoe polepole zaidi. Usiongee. Usimwangalie jirani anayetapika, na kama unaweza, usisikie. Mama mmoja wa kundi letu anaimba kwa sauti ya chini, anasema kuimba kunampangia pumzi, na jirani zake wamezoea.

Kuhusu watoto: wa chini ya miaka 2 hawashikwi sana, walio kati ya miaka 2 na 12 ndio wanaoumia kuliko wote. Mpandishe juu ya begi au magotini ili macho yake yapite ukingo wa boti. Mtoto aliyezamishwa katikati ya watu wazima anaona migongo tu. Mchezeshe mchezo wa kutafuta: nani ataona mtumbwi wa kwanza, nani ataona nyumba yenye mabati mekundu. Usimuulize kila mara, “Unasikia kutapika?” Ukimuuliza mara tano, mara ya sita atakujibu kwa vitendo.

Wenye mimba wanashikwa haraka kuliko wengine, na wamama walio katika siku zao vilevile. Kama tarehe ya kusafiri iko mikononi mwako, ihesabu na hiyo. Na saa pia: mimi ninachukua boti ya asubuhi, kwa kuwa upepo mara nyingi unaamka mchana. Walio na safari ya Kalemie kwenda Uvira wajue kwamba Tanganyika si Kivu. Ni ziwa la urefu wa zaidi ya kilometa 650, na wakati huu wa kiangazi upepo wa kusini unalisukuma kwa nguvu.

Na ukishindwa, ukatapika? Tapika ndani ya sashe, ukiwa umekaa. Hapa ninaomba mnisikilize vizuri. Nimeona boti ambayo watu kumi waliinuka pamoja kwenda kutapikia upande mmoja, na boti ikalala upande ule mpaka maji yakaingia. Sote tunakumbuka tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, boti iliyotoka Minova ikazama mbele ya Kituku, watu wa pwani wakiangalia kwa macho yao. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Boti iliyojaa haihitaji mengi ili ipinduke. Kwa hiyo sashe mbili kwa kila mtu, jile imefungwa mwilini na si chini ya makalio, na mkiona boti imejaa, mwache boti iende na nauli yenu ibaki. Kutapika kunaisha ukikanyaga nchi kavu.

Baada ya kutapika suuza mdomo, ngoja kidogo, kisha maji kwa vijiko, hasa kwa mtoto. Ukifika, ardhi inaweza kuendelea kuyumba chini ya miguu yako mpaka kesho yake. Hiyo ni kawaida. Lakini mtu anayeendelea kutapika siku ya pili, au mtoto aliyelegea, asiyekojoa, mwenye macho yaliyoingia ndani, huyo si ziwa tena. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Yule mama wa benchi ya tatu sikumuuliza hata jina lake. Nilikuwa na haya, na yeye alikuwa na magunia yake ya kuteremsha. Tangu siku ile, kabla boti haijaondoka, ninageuka nyuma na kumwambia mama yeyote aliye karibu: mimi ninasafiri na watoto wawili, huyu na huyu, ukiniona vibaya uwashike. Hakuna aliyewahi kukataa.

Wanaosafiri Jumamosi, pitieni kwangu Ijumaa jioni. Tangawisi ya shamba ipo, mje tu na termosi.