UKURASA WA NYUMBANI: Udongo wa Chunguni



Mwezi huu twapenda kunena juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni udongo utiwao katika chungu cha maua yawekwayo ndani ya nyumba. Aghalabu mche uliokuwa ukipendeza unaponyauka, neno la kwanza litamkwalo ni kwamba jirani ameutupia jicho, ama kwamba aliyeupanda ana mkono mbaya. Jicho ni kweli, na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha hivyo. Lakini katika Sura Al-Hujurat waumini wamekatazwa kudhaniana vibaya, na yampasa Mwislamu aichungue sababu iliyo karibu kabla ya kumtuhumu mwenziwe. Na sababu iliyo karibu kabisa na mche ni udongo unaoshika mizizi yake.

Tutwae mfano wa ua moja lililotoka kwetu likaenea duniani. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao ua dogo lenye majani ya manyoya na maua ya rangi ya zambarau. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland alilieleza katika elimu yake na kulipa jina la Saintpaulia. Wajerumani huliita violeti ya Usambara, na Waingereza huliita violeti ya Afrika. Leo huuzwa katika vyungu vidogo katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani, na wengine wetu huliweka dirishani.

Ukitaka kujua udongo ulifaao ua hili, tazama lilikotoka. Makazi yake ni kivulini msituni, juu ya majabali na katika nyufa zake penye kuvumwani. Mizizi yake ni myembamba kama nyuzi, nayo hushika katika tabaka jepesi la majani yaliyooza. Mvua hunyesha, maji yakapita yakaenda zake, ukabaki unyevu tu. Halijazoea udongo mzito hata siku moja. Basi mwenye nyumba kwa mapenzi yake hulitia katika udongo mweusi wa shamba, akaongeza samadi mbichi, akalimwagia maji asubuhi na jioni. Huo ni wema, lakini ni wema usio na elimu.

Huenda msomaji akauliza: udongo uoteshao mahindi na mihogo utakosaje kuotesha ua? Jawabu ni kwamba chungu si shamba. Shambani nyungunyungu, mchwa na mizizi ya miti huutoboa udongo, na maji hupata njia ya kuzama mbali. Chunguni udongo umefungiwa ndani ya ukuta mdogo, na kila umwagiapo maji hujigandamiza zaidi, hata vile vijitundu vilivyokuwa na hewa vikajaa maji. Na mizizi huvuta hewa kama tuvutavyo sisi. Ikiikosa huoza, na mzizi uliooza hauwezi kunywa. Hapo majani hulegea kana kwamba mche una kiu, mwenyewe akauzidishia maji, na hayo ndiyo huumaliza. Jirani hana habari.

Wako wadhanio kwamba dawa ni kutandika vigae na kokoto chini ya chungu. Jambo hili halisaidii. Maji hayatoki upesi katika udongo laini kuingia katika kokoto mpaka udongo ulio juu yake umeshiba kabisa. Kwa hiyo sehemu yenye maji mengi huinuliwa ikaikaribia mizizi. Litakiwalo ni chungu chenye tundu chini, na udongo wa namna moja tangu juu hata chini.

Udongo huo twaweza kuutengeneza wenyewe kwa vitu vya nyumbani. Twaeni makopo 3 yaliyo sawa. La kwanza liwe la vumbi la makumbi ya nazi, ambalo hushika unyevu bila ya kuwa zito. La pili liwe la majani yaliyooza vizuri mpaka yakawa meusi na yakatoa harufu ya msitu baada ya mvua. Yachekecheni, kisha yamwagieni maji yanayochemka ili wadudu wafe, myaache yapoe. La tatu liwe nusu mchanga mnene wa mtoni uliooshwa, na nusu mkaa uliopondwa vipande vidogo kama punje za mtama, bila ya vumbi wala majivu. Changanyeni yote kwa mkono.

Hapa pana mambo mawili ya kuangaliwa sana na sisi wa pwani. Mchanga wa ufukweni haufai, kwani una chumvi, na tena una chokaa ya makombe na matumbawe. Kadhalika makumbi. Huko Unguja mabibi huyafukia katika mchanga upandwao na maji ya bahari ili yalainike yatoe usumba. Vumbi la makumbi ya namna hiyo limejaa chumvi, basi lazima lirowekwe na kukamuliwa kwa maji matamu mara kadhaa kabla ya kutumiwa.

Udongo ukiwa tayari, ujaribuni. Ulowesheni kidogo, teka konzi moja uifumbate, kisha ufumbue kiganja. Ukibaki donge hata ukiugusa kwa kidole, ni mzito. Ongezeni mkaa na mchanga. Ukivunjika kwa kuguswa tu, umefaa. Kisha mwageni maji chunguni; yapasa yapite na kuanza kudondoka tunduni upesi, yasisimame juu kama dimbwi. Baada ya hapo msinyweshe kwa saa bali kwa haja: tieni kidole, na udongo wa juu ukiwa mkavu ndipo mtie maji. Israfu ni mbaya hata katika maji ya maua.

Chungu kisiwe kikubwa. Kwa ua hili upana wake uwe kama theluthi moja ya upana wa majani yake yakiwa yamekunjuka, maana udongo usiofikiwa na mizizi hukaa na maji bure. Kila mwaka badilisheni udongo, kwani majani yaliyooza huendelea kuoza mpaka yakawa matope.

Enyi vijana wetu, msiende kung'oa maua haya msituni, wala kuchota udongo katika misitu iliyohifadhiwa. Aina nyingi za ua hili katika makazi yake ya asili zimo katika hatari ya kutoweka kwa sababu misitu yake hukatwa, na ardhi ni amana mikononi mwetu. Wala hapana haja ya kung'oa. Jani moja lenye kikonyo chake, likichomekwa katika udongo tuliousema na kuwekwa kivulini, hutoa miche midogo baada ya majuma kadhaa. Jani hilo mwaweza kuliomba kwa jirani, naye huyo pengine ndiye mliyemdhania jicho.

Katika Sura Al-A'raf Mwenyezi Mungu amepiga mfano wa ardhi njema, ambayo mimea yake hutoka kwa idhini ya Mola wake, na ardhi mbaya isiyotoa ila kwa shida. Idhini ni Yake peke Yake, nasi tumeamrishwa kushika sababu. Basi tuutengeneze udongo, tutie maji kwa kiasi, na tusafishe nyoyo zetu juu ya jirani zetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa na dhana njema. Amin.