Fukushima: Njia zimefunguliwa, watu wako wapi?

Kila Machi inapofika tunasikia habari za Fukushima: mji fulani umefunguliwa, treni imerudi, watalii wanakuja. Sawa. Mimi huwa natafuta namba moja tu: usiku wanalala pale watu wangapi?

Chukueni mji wa Futaba. Kabla ya tetemeko na tsunami ya Machi 11, 2011 ulikuwa na watu kama 7,000. Kinu cha nyuklia cha TEPCO kipo hapo hapo, mpakani na Okuma. Wakaondolewa wote. Hata ofisi ya mji ikahama nao mpaka Kazo, mkoa wa Saitama, ikafanyia kazi kwenye majengo ya shule, kisha ikaenda Iwaki. Agosti 30, 2022 amri ya kuhama ikaondolewa, tena kwa kama asilimia 15 tu ya eneo la mji. Miaka 11 na ushee! Mtoto aliyeondoka akiwa darasa la kwanza alikuwa ameshamaliza sekondari. Mwaka 2024 wakazi walikuwa mia na kitu.

Eti wanaogopa mionzi bure. Hivi jamani, nani anarudi mahali ambapo nyumba imeliwa na unyevu na panya, daktari yuko mbali, na wajukuu wanasoma mkoa mwingine? Zaidi ya nusu ya kaya za Futaba zilishasema kwenye dodoso kwamba hazirudi.

Na hiyo hofu siyo ya kijinga. Serikali ilifungua maeneo kwa kipimo cha milisiveti 20 kwa mwaka, wakati kikomo cha kawaida kwa raia ni 1. Misitu ilisafishwa mita kama 20 tu kutoka kwenye makazi. Mzazi akikataa kumpeleka mwanawe huko, mimi simlaumu.

Kinachonikera zaidi ni pesa. Machi 2017 msaada wa nyumba ulikatwa kwa waliokimbia kutoka nje ya maeneo ya amri. Hujalazimishwa kurudi, ila kodi ya nyumba ujilipie. Hiyo ni ruhusa au amri ya kimya kimya? Fidia nayo ilitegemea mstari kwenye ramani. Pale Yonomori, mji wa Tomioka, barabara moja iligawa majirani: upande huu umefungwa, upande ule unaingilika mchana, na malipo tofauti.

Wanaotaka watu warudi haraka wana hoja nzito, tukubali. Zaidi ya watu 2,300 wa Fukushima wamehesabiwa kufa kwa taabu za baada ya maafa, wengi wazee, kuliko waliouawa na tetemeko na tsunami mkoani humo. Kuhamishwa kunaua kweli. Lakini bibi wa miaka 80 aliyekwisha zoea majirani wapya Iwaki, ukimng'oa tena umemponya nini?

Halafu kuna udongo. Ule uliokwanguliwa mashambani umerundikwa Futaba na Okuma, kwenye hekta kama 1,600 zilizokuwa za watu. Sheria inasema utolewe nje ya Fukushima ifikapo 2045. Walipotaka kuujaribu kwenye bustani ya Shinjuku Gyoen, Tokyo, wenyeji wakakataa. Mwaka 2025 kiasi kidogo kikawekwa kwenye ofisi ya waziri mkuu kama mfano. Mzee aliyekuwa na miaka 70 wakati wa ajali, 2045 atakuwa na 104.