SIMU NI YAKE, MFUMO NI WA NANI? FUNDI WA SUMBAWANGA AITWA MCHAWI KISA KUFLASHI

Wiki hii mitandao imechangamka. Mrembo mmoja wa Dar, mwenye wafuasi kibao na dili la ubalozi wa kampuni moja ya simu, kaachia klipu anacheka mpaka machozi yanamtoka. Kilichomchekesha ni simu ya binamu yake aliyetoka Sumbawanga. Samsung ya kitambo, kioo kina ufa, lakini ikiwashwa, likishapita jina la kampuni, unatokea mchoro mwingine kabisa, na menyu zake hazifanani na za Samsung yoyote ya rika lake. "Jamani, hii simu imelogwa! Sumbawanga hawashindwi kitu," akasema. Basi, ikawa ndiyo stori ya mjini. Watu wakashea, wakaongezea chumvi, utani wa ungo na tunguli ukafufuka.

Anayesemwa hapo ni fundi simu mmoja, kijana wa Majengo, Sumbawanga. Hana jina mjini, na wanaomfuata mtandaoni hawafiki hata mia tano. Anakaa na laptopu ya mtumba, jaketi zito mwilini kwa ile baridi ya Ufipa ya Juni na Julai, na kazi yake ni kufufua simu ambazo makampuni yalishazisusa. Hiyo simu ya binamu ni kazi ya mikono yake.

Kucheka ruksa. Ila safari hii anachekwa mtu ambaye hajakosa, na anayecheka analipwa ili watu wanunue simu mpya. Hilo la malipo kwenye klipu hakulisema.

HAKUNA HIRIZI HUMO

Kwa wasioelewa: simu ina mwili, halafu ina mfumo unaouendesha huo mwili. Mwili ni kioo, betri, kamera. Mfumo ni ile Android iliyomo ndani, ambayo kampuni imeipaka rangi zake na kuijaza aplikesheni zake kabla ya kuitia kwenye boksi. Zile aplikesheni ambazo hukuziomba, hazifutiki, na zinakula bando kimya kimya usiku ukiwa umelala? Ndizo hizo.

Anachofanya fundi ni kufungua kufuli la mfumo, lile mafundi wanaloliita butiloda, kuutoa mfumo wa kiwandani na kuweka mwingine. Kitaani wanauita romu, na kazi yenyewe ndiyo kuflashi.

Romu inayojulikana zaidi ni LineageOS. Ilizaliwa Desemba 2016, baada ya kufungwa kwa CyanogenMod, mradi ulioanza mwaka 2009. Wanaoitengeneza ni watu wa kujitolea waliotapakaa dunia nzima, na msimbo wake, yaani yale maandishi yanayoujenga mfumo, uko wazi mtandaoni. Anayejua kusoma aingie asome.

Na wizi hakuna. Moyo wa Android ni Linux, kazi aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Helsinki. Leseni ya Linux inasema wazi: ukiuza kifaa chenye programu hii, msimbo wake umpe aliyenunua. Makampuni ya simu yaliuchukua huo moyo bila kulipa hata senti, yakajengea biashara ya mabilioni, halafu mengi yakageuka na kumfungia mlango mteja. Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia kufuli mwaka 2018. Xiaomi inatoa, ila mpaka ufungue akaunti, uombe na usubiri siku kadhaa, utadhani unaomba ruhusa ya kuingia kwenye nyumba uliyoinunua mwenyewe.

Sasa mchawi ni nani? Anayefungua, au aliyemuuzia mtu kitu akabaki na ufunguo?

NANI KAMSUSA NANI

Chukua Samsung Galaxy S5. Iliingia sokoni mwaka 2014 ikiwa na Android 4.4. Kampuni ikaifikisha Android 6, ikaishia hapo. LineageOS ikaichukua simu hiyo hiyo na kuisogeza mpaka Android 11, mfumo uliotoka mwaka 2020. Chuma kilikuwa bado kinadai. Waliochoka ni wenye kiwanda.

Kwa mrembo wa Dar, simu ikianza kustaki dawa yake ni boksi jipya, tena analetewa bure. Kwa mama anayezunguka Laela na Mpui kukusanya mahindi hesabu ni nyingine. Simu anakaa nayo miaka mitano, sita. Bei anaulizia humo, picha za mzigo anatuma humo, hela ya mteja wa Mbeya inaingilia humo. WhatsApp yenyewe ilishaziacha Android za 4 kushuka chini. Siku aplikesheni inapomwambia huyu mama kwamba mfumo wake umepitwa na wakati, anafungiwa ofisi yake, na msimu wa mavuno haumsubiri apate hela ya simu nyingine.

Wenzetu hili wameliona. Umoja wa Ulaya umeweka kanuni zilizoanza kutumika Juni 20, 2025: simu janja inayoingizwa kwenye soko lao lazima iendelee kupatiwa masasisho ya mfumo kwa walau miaka 5 tangu modeli hiyo ilipoacha kuingizwa sokoni. Google iliahidi miaka 7 kwa Pixel 8 mwaka 2023, Samsung ikafuata na miaka 7 kwa Galaxy S24 mwanzoni mwa 2024. Safi sana. Ila hizo ni simu ambazo ukimtajia bei mkulima wa Namanyere, anakuuliza kama unaongelea simu au jozi ya maksai.

Kwa simu za bei ya chini, zile zilizojaa kwenye maduka ya Sumbawanga, apdeti ikija mara moja shukuru. Mzungu analindwa na sheria. Mama wa mahindi analindwa na kijana mwenye laptopu ya mtumba. Halafu huyo ndiye anayechekwa?

USALAMA UPI UNAOONGELEWA

Mrembo alipobanwa akaachia klipu ya pili, safari hii kauchuna uso: eti simu za kuflashi si salama, kaa na kilichotoka kiwandani. Hoja imekaa vizuri masikioni. Ila kiwandani nako kuna mambo.

Agosti 2020, BuzzFeed News na kampuni ya usalama wa simu ya Secure-D walianika habari ya Tecno W2, simu ya bei nafuu iliyouzwa Afrika. Baadhi zilikutwa na programu hasidi za Triada na xHelper zikiwa zimeshaingizwa kabla mteja hajafungua boksi. Zilikuwa zinapakua vitu kisirisiri na kujaribu kumuunganisha mtu na huduma za kulipia ambazo hakuziomba, zikila bando na salio lake. Secure-D ilihesabu simu zaidi ya 200,000 zilizohusika, katika nchi kama Ethiopia, Ghana, Misri, Kamerun na Afrika Kusini. Kampuni ilisema tatizo liliingizwa na msambazaji mmoja katika mnyororo wa uzalishaji, na kwamba suluhisho ilishalitoa. Sawa, lilitatuliwa. Ila simu zile hazikupitia kwa fundi yeyote wa Majengo. Zilitoka na boksi lake na karatasi ya waranti.

Halafu kuna hawa wanaojifanya waoga. Kijana anakwambia haflashi simu, anaogopa kuibiwa data, huku WhatsApp anayotumia ni GB. Ile GB haimo kwenye duka la Google, waliotengeneza WhatsApp hawaitambui, na msimbo wake hauko wazi kwa mtu kuukagua. Kaipata kwenye linki ya grupu, kaipa ruhusa ya majina yote, picha zote na maiki, ili tu aone stetasi zilizofutwa. Huyo ndiye anayemfundisha fundi usalama!

"UTAKOSA APLIKESHENI YA BENKI"

Hii hoja ina ukweli na haifai kupuuzwa. Google ina mfumo wa kukagua kama simu bado iko kama ilivyotoka kiwandani, na aplikesheni nyingi za benki zikiona kufuli limefunguliwa zinagoma. Mwenye kutegemea aplikesheni ya benki kila siku aulize kwanza, asije akalia baadaye.

Lakini twende Ufipa kwenyewe. Pale stendi ya Sumbawanga, kwenye mialo ya Kirando, gulioni Matai, watu wanatumia pesa kwa nyota. M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money ni *150*60#. Menyu hiyo inapita kwenye mtandao wa simu wenyewe. Haiulizi Android ngapi, haiulizi kama kuna Android kabisa, ndiyo maana hata kiswaswadu kinatoa hela. Kumtisha mama wa mahindi kwa aplikesheni ya benki ambayo hajawahi kuipakua ni kumuuzia mwavuli wakati kiangazi kimeiva.

UPANDE WA PILI WA SHILINGI

Kumtetea fundi si kusema kila simu iflashiwe. Fundi wa kweli anajua mipaka na anaisema kabla hajashika waya. Kufungua kufuli kunafuta kila kitu kilichomo, picha za harusi na za marehemu bibi zikiwemo. Waranti inaweza kuishia hapo. Kamera mara nyingi inapungua ubora, kwa sababu ile akili ya kuchakata picha ilikuwa mali ya kampuni. Umeme ukikatika katikati ya kazi, au faili likiwa la modeli nyingine, simu inageuka tofali. Na romu ya LineageOS haipatikani kwa kila simu: orodha yake rasmi imetawaliwa na Xiaomi, Motorola, OnePlus, Pixel na baadhi ya Samsung, wakati mifuko ya watu wengi huku imejaa Tecno, itel na Infinix.

Kijana wa Majengo anasifika kwa hilo hasa. Simu asiyokuwa na faili lake la uhakika haigusi. "Mama, hii nitakuharibia, rudi nayo tu," anasema, na hela ya mteja anairudisha mkononi. Mafundi wangapi wanaweza?

Kuna na mstari mwekundu. Fundi kanjanja akiflashi ovyo anaweza kuifuta IMEI, kisha akabandika namba ya simu nyingine ili mambo yaende. Hiyo ni jinai. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kuchezea IMEI, na Juni 2016 TCRA ilizizima simu zenye namba bandia nchi nzima. Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi mtu simu, bonyeza *#06#, piga picha ile namba. Akimaliza, bonyeza tena. Zikitofautiana, huyo hafai.

Tofauti kati ya fundi na kanjanja ndiyo ilipaswa kuongelewa kwenye klipu. Badala yake wote wakatiwa kapu moja, na kapu likaandikwa uchawi.

UFIPA NA CHUMA

Utani wa Sumbawanga na uchawi ni wa zamani, na wenyeji wenyewe wanaucheka. Ila hao hao husimulia kwamba jina la mji wao kwa Kifipa maana yake ni "tupa uchawi". Mji unaoambiwa utupe uchawi ndio unaobebeshwa uchawi wa nchi nzima.

Kinachosahaulika ni kwamba Wafipa ni watu wa chuma. Mababu zao waliyeyusha chuma kwenye tanuru za udongo zilizopita kimo cha mtu, malungu, kisha wakakisafisha kwenye tanuru ndogo na kufua majembe yaliyolimia uwanda mzima. Majembe ya dukani yalipofika kwa meli, tanuru zikazimika moja moja, na maarifa yale yakaenda na wazee. Leo mjukuu kajifunza mwenyewe kufungua kifaa cha dukani na kukifanya kimtii mwenye nacho. Kwingine angeitwa mbunifu. Huku kaitwa mlozi na mtu ambaye hajui hata simu anayoitangaza inatumia Android ya ngapi.

Balozi ana haki ya kula kwa kazi yake. Ila anayelipwa kuuza simu mpya aseme analipwa kabla ya kuzicheka za zamani. Na wafuasi wake wanaweza kumsaidia kwa swali moja tu, lile ambalo kila mtu angepaswa kulianza nalo dukani kabla ya kuuliza kamera ina megapikseli ngapi: hii simu itapata apdeti mpaka mwaka gani?

Akijibu kwa mwaka na tarehe, nunueni. Akibaki anacheka, namba ya fundi wa Majengo ipo.