Neno la Mwezi: "Jettison"



Neno tulilolichagua mwezi huu ni la Kiingereza, nalo ni "jettison". Watoto wetu hulikuta vitabuni na magazetini, na wakiulizwa maana yake hujibu upesi kuwa ni kutupa. Jibu hilo si la makosa, lakini ni nusu ya jibu. Mwenye kutupa taka hutupa asichokihitaji. Neno hili asili yake ni kukitupa kitu chenye thamani, tena kwa makusudi, ili kukiokoa kilicho bora zaidi.

Kiswahili chetu cha pwani kina neno linalolikaribia mno, yaani kutosa. Kitu kikizama majini husemwa kimetota, na aliyekizamisha ndiye aliyekitosa. Nahodha aliyeelemewa na tufani, akaamuru magunia yamwagwe baharini ili jahazi liinuke, ametosa shehena. Vijana wa mjini wamelichukua neno hilo hilo wakalitia katika mapenzi, hata mchumba aliyeachwa husema kwamba ametoswa.

Neno la Kiingereza lilitoka katika Kifaransa cha kale, nacho kilirithi kutoka Kilatini, ambako "iactare" ni kurusha. Ukoo wake ni mkubwa. Ndege ya jeti imeitwa hivyo kwa kuwa injini yake hurusha hewa nyuma kwa nguvu, na "jetty", yaani gati, ni jengo lililorushwa kutoka nchi kavu kuelekea baharini. Waingereza walianza kulitumia "jettison" katika karne ya 15, likiwa neno la wanasheria na wenye vyombo. Matumizi yake kama kitendo, ambayo ndiyo tunayoyasikia leo kila mwanasiasa anapoitupa ahadi yake, ni ya karne ya 19 tu.

Kwa nini wanasheria walihitaji neno hili? Kwa sababu kila shehena iliyotoswa ilileta ugomvi bandarini. Tuseme chombo kimechukua mali ya wafanyabiashara kumi. Bahari imechafuka, na nahodha ametosa marobota ya mmoja wao kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa juu. Chombo kimefika salama. Je, yule mmoja abebe hasara peke yake, na wale tisa wauze mali zao kwa faida?

Jibu ni la zamani sana. Sheria iliyonasibishwa na kisiwa cha Rhodes, ikaingizwa katika mkusanyo wa sheria uliotolewa na Mfalme Justinian mwaka 533, ilisema kuwa kilichotolewa kwa ajili ya wote kitalipwa na wote. Kila aliyeokokewa na mali yake atachangia kwa kadiri ya thamani yake. Wanazuoni wa Kiislamu nao waliliandikia jambo hili. Kitabu cha "Akriyat as-Sufun", kilichokusanywa Afrika ya Kaskazini katika karne ya 10, kinaeleza hukumu za kukodi vyombo, na ndani yake zimo hukumu za shehena iliyotoswa.

Mchango huo Waingereza huuita "general average". Na hili "average", ambalo watoto wetu hulisoma darasani kwa maana ya wastani, wanaisimu wengi hulirejesha kwenye neno la Kiarabu "awar", yaani ila au kasoro katika bidhaa. Lilipita Italia na Ufaransa likiwa na maana ya hasara ya baharini, kisha kutokana na kuigawa hasara kwa usawa ndipo likapata maana ya wastani.

Sheria hii ingali hai. Meli ya Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez mwezi Machi 2021, wenye meli walitangaza mchango huo, ingawa hakuna kontena lililotoswa. Wenye bidhaa walitakiwa kutoa dhamana ndipo wapewe mizigo yao. Kwa hiyo msomaji anayepeleka mizigo Mombasa au Dar es Salaam asione ajabu akiyakuta maneno hayo katika karatasi za meli, na aiulize bima yake kama inayahusu.

Hatuna budi pia kutaja pale neno hili lilipotiwa doa. Mwishoni mwa mwaka 1781, mabaharia wa Zong, meli ya watumwa ya wafanyabiashara wa Liverpool, waliwatosa baharini Waafrika zaidi ya 130 wakiwa hai. Wenye meli walidai kwamba maji ya kunywa yalikuwa yamepungua, wakataka bima iwalipe paundi 30 kwa kila mtu. Mwaka 1783 baraza la wazee wa mahakama liliwapa haki wenye meli. Jaji Lord Mansfield aliamuru kesi isikilizwe upya, lakini hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa kwa kuua. Ilhali ile sheria ya kale ilikataa kumtia mtu huru thamani ya fedha, hapa binadamu waliandikwa pamoja na marobota.

Wasomaji watakumbuka kisa cha Nabii Yunus, alayhi s-salaam, katika Surat As-Saffat: merikebu iliyosheheni, na kura iliyomwangukia. Al-Qurtubi, aliyefariki mwaka 1273, ameeleza katika tafsiri yake kwamba jambo lile lilikuwa mahususi kwa Nabii huyo, na kwamba haijuzu kupiga kura ili binadamu atoswe. Watakaokuwa ndani ya chombo watasubiri kadari ya Mwenyezi Mungu pamoja. Tofauti ya hukumu hiyo na hukumu ya London haihitaji maelezo.

Sasa tujitazame wenyewe. Familia iliyohama ni chombo, na aghalabu haikufika ugenini bila kutosa kitu. Yuko mwalimu aliyetosa vyeti vyake akashika ufagio. Yuko binti mkubwa aliyeacha chuo akafanya kazi za usiku ili wadogo zake wasome. Yuko ndugu aliyebaki nyumbani kuwauguza wazee, akaitosa safari yake ili wengine tusafiri. Chombo kimefika, na waliookoka wanasifiwa kwa digrii na nyumba zao. Sheria ya bahari ingewauliza: mchango wenu uko wapi? Tunaona familia nyingi zikihesabu fedha zilizotumwa nyumbani, lakini hazihesabu miaka iliyotolewa na yule aliyebaki. Hilo ni deni wala si hisani, na adaiwaye alilipe mwenye haki angali hai.

Jambo la mwisho ni lugha. Wanasheria wa Kiingereza hutofautisha mali zilizomo baharini. Iliyoelea yenyewe baada ya chombo kuvunjika ni "flotsam". Iliyotoswa kwa makusudi ni "jetsam", neno lililokatwa kutoka hilo la mwezi huu. Iliyotoswa ikiwa imefungiwa boya, ili mwenyewe aje kuiopoa, ni "lagan". Na tangu zama za Warumi iliamuliwa kuwa mwenye kutosa shehena kwa hofu ya kuzama hakuiacha mali yake. Ingali yake hata ikiokotwa ufukweni na mtu mwingine.

Wazazi wengi walikitosa Kiswahili walipofika, wakihofu kwamba kitawaelemea watoto shuleni. Hatuwalaumu, kwani tufani waliiona wao. Lakini wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake: iliyokwenda na lugha ni sauti ya bibi katika simu, ambayo mjukuu huisikia asiielewe. Basi wakati ungalipo tukifungie boya. Saa moja ya mazungumzo kila siku baada ya Magharibi, kwa Kiswahili kitupu, inatosha kuanzia. Mali ni yetu bado.

Wabillahi tawfiq.