Mji Mkongwe si Istanbul

Nimechoka na huu "msikiti wa Kiuthmani" wa Zanzibar. Kila nikifungua insha ya safari kuhusu Mji Mkongwe, iwe imeandikwa na mgeni au na mwenzetu aliyepanda boti la asubuhi kutoka Dar, nakutana nao: kuba, minara myembamba, sultani, harufu ya karafuu, na paka amelala kizingitini. Paka ni wa kweli. Hayo mengine yametolewa kwenye picha za Istanbul. Nadhani chanzo ni sikio tu: mtu kaambiwa Omani, kaandika Ottoman, akaja mfasiri akalipamba neno likawa Uthmani. Na mhariri naye kapitisha, maana nani ataangalia?

Dola ya Uthmani haikuwahi kuitawala Unguja. Mturuki anayejulikana zaidi katika pwani yetu ni Mir Ali Bey, aliyekuja kwa bahari miaka ya 1580 na kupokewa vizuri na baadhi ya miji ya Waswahili waliokwisha kuchoshwa na Wareno. Wareno wakamkamata Mombasa mwaka 1589, na miaka minne baadaye wakaanza kujenga Fort Jesus. Basi, kaishia hapo. Waliokuja kutawala ni Waomani, waliowang'oa Wareno Mombasa mwaka 1698, na ni Seyyid Said aliyehamishia makao yake Unguja katika karne ya 19.

Mtaniambia ni neno tu, mbona nawaka hivi. Nawaka kwa sababu neno hilo linaamua jicho litazame wapi. Watawala wale wa Kiomani walikuwa Maibadhi, na msikiti wa Kiibadhi wa zamani hauna makuu: hauna mnara, hauna nakshi za kumtisha mtu, ukutani unaona kibla kimejitokeza kidogo upande wa nje na ndiyo alama yenyewe. Misikiti ya Kisunni ya mitaani nayo, ambayo ndiyo mingi, mara nyingi haikujitanua zaidi ya hivyo. Mji Mkongwe una misikiti takriban 50, na mgeni aliyefundishwa na insha zetu anapita mbele ya 40 bila kujua kama kapita msikiti. Kisha anarudi kwao kuandika kwamba hakukuwa na cha kuona zaidi ya milango. Profesa Abdul Sheriff alishaionyesha zamani namna ya kuisoma misikiti hii, kwa kuuliza nani kaijenga, mfanyabiashara gani, mwenye mashamba gani, jamaa gani. Swali hilo moja linakupa historia ya mtaa mzima. "Kuba lilimeremeta juani" halikupi kitu.

Chukua Msikiti wa Balnara pale Malindi. Huu una mnara, na kila mwandishi anaukimbilia kwa furaha: huyo hapo Mturuki! Jamani, utazameni basi. Ni mnene, umechongoka kama pia iliyopinduliwa, na umezungushiwa mistari ya pembepembe. Minara ya Istanbul ni kama penseli, ina vibaraza vya kuadhinia. Ndugu wa Balnara wako karibu zaidi: mnara wa msikiti wa Ijumaa wa Shela, kule Lamu, na nguzo ya Mbaraki, Mombasa. Ni ukoo wa pwani hii hii. Lakini kusema hivyo kunahitaji mwandishi awe amefika Shela, au walau amesoma, na Istanbul imeshaingia kichwani bila nauli.

Na mtaa wenyewe! Malindi ni bandari, ni soko la samaki, ni wachukuzi na vikapu na maji ya barafu yanayotiririka njiani. Abdulrazak Gurnah kakulia huko, na bandari ile haijatoka katika vitabu vyake mpaka leo. Adam Shafi katika Vuta N'kuvute kautembeza mji huu pamoja na Ng'ambo yake bila kuhitaji kuba hata moja. Kwa nini mwandishi wa insha, mwenye maneno 1,000 tu ya kujaza, ashindwe?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba maneno haya yanarudi nyumbani. Ukiambiwa miaka nenda miaka rudi kwamba msikiti wa maana ni wenye kuba na minara, utaanza kuuonea haya ule wa babu yako. Anapatikana mfadhili, kila mtu ana nia njema, ukuta wa chokaa unabanduliwa, inapigwa saruji na marumaru za bafuni. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa. Zinanyonya unyevu na kuutoa. Ukizifunika kwa saruji, unyevu unabaki ndani, unakula ukuta na kuozesha vichwa vya boriti. Mafundi wa zamani wanalijua hili vizuri mno. Sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka Desemba 25, 2020, na kuua watu, dunia nzima ilisikia, maana lile jengo lilikuwa na mnara wa picha. Kimsikiti cha uchochoroni kikibomolewa kidogo kidogo, nani atakiandikia insha?

Anayetaka Uthmani kwa nguvu, mie nitampa mmoja, tena wa kweli. Sheikh Ahmed bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, nahodha na kisha kadhi wa Zanzibar, aliishi Istanbul katika miaka ya 1880 na akatunukiwa nishani na Sultan Abdulhamid wa Pili. Akarudi Unguja, akasomesha, akahukumu, mpaka akafariki mwaka 1925. Uhusiano ulikuwa huo: watu, vitabu, barua, jahazi. Nahodha anayesomesha fiqhi na aliyeishi Istanbul! Sijaona hata insha moja ya safari iliyomtaja.

Na mtu akishamaliza Malindi, apande daladala aende Kizimkazi Dimbani, kusini kabisa. Kwa nje ataona paa la bati na kuta za kawaida. Ndani, penye kibla, kuna maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, wakati Osman mwenye dola hajazaliwa, wala hatazaliwa kwa zaidi ya karne moja. Msikiti bado unasaliwa. Kwa hiyo avae vizuri, aombe ruhusa kwa wenyewe, na asiende na kamera yake saa ya adhuhuri.